Akumu Ni Saba

Jumatatu, 15 Septemba

Muhula wa tatu umefunguliwa leo, na mimi nimefungua daftari hili. Miaka ishirini na tisa polisini niliandika kitabu cha matukio: saa ngapi, nani kaletwa, kaiba nini, anakanusha vipi. Shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna afande aliyewahi kunirudishia kitabu kwa kukosa habari. Kwa hiyo naandika. Mahali: Kisugu. Mvua: ya kuonja tu. Aliye zamu: mimi, Oola Saverio, mstaafu, meno kumi na tisa.

Raia aliye chini ya ulinzi wangu ni Akumu, mjukuu, miaka sita. Yuko top class, darasa la mwisho la chekechea. Mwezi wa kumi na moja atafanya intavyuu ya kuingia P.1, yaani darasa la kwanza, katika ile shule ya ghorofa juu ya barabara. Mama yake ni binti yangu Santa, naye ni polisi, amehamishiwa Moroto. Kabla ya kupanda gari alinikalisha kwenye kiti kama mtuhumiwa.

"Baba, akipita intavyuu, anabaki hapa na wewe. Asipopita, nitajua mzaha umekushinda kuacha. Nampeleka Kitgum kwa shangazi yake Aciro."

Nikamwambia nimewahi kuangalia kituo kizima cha polisi.

"Na kile kituo kikafungwa," akasema, akaenda.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua. Akumu amepoteza kiatu kimoja. Kimepatikana ndani ya sufuria, sijui kesi hii niifunguliaje faili.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda kuona darasa lenyewe. Liko kwenye baraza ya nyuma ya ukumbi wa kanisa, bati juu, kamba za nguo upande mmoja. Mwalimu ni Marie-Louise, mkimbizi kutoka Bukavu, mwembamba, hacheki ovyo. Aliomba wazazi wamletee vizibo vya soda, maharage na vijiti, na mtu wa kumsaidia. Wazazi wote wana kazi. Mimi nina vizibo.

Sijawahi kuona shule ya namna hii. Hakuna fimbo. Herufi zinaandikwa kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Nyingine zimetengenezwa kwa kamba ya katani iliyobandikwa kwenye boksi, mtoto anafumba macho anaipapasa mpaka aseme hii ni B. Na hesabu ndiyo kichekesho. Kila mtoto anapewa maharage yake, anagusa moja, analisukuma kutoka kushoto kwenda kulia, anasema namba yake, ndipo aguse jingine. Mmoja mmoja. Watoto ishirini na wawili. Nimemwona mtoto akihesabu maharage sita kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeyaivisha na kuyatia vitunguu.

Nimempa mwalimu jina: Madamu Maharage. Amelisikia. Amesema, "Papa Oola, chagua yale yaliyotobolewa na wadudu, uyatoe." Nikachagua mpaka saa sita.

Jumatano, 24 Septemba

Tumefinyanga herufi kwa udongo wa bondeni. Mtoto mmoja, Guerschom, ametia harage puani. Nimelitoa kwa kumnusisha pilipili. Alipiga chafya mpaka harage likampata Madamu kwenye bega. Hapo ndipo nimemwona akicheka mara ya kwanza.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimejaribu nyumbani na Akumu, kwa maharage yake kwenye mkeka. Moja, mbili, tatu, nne. Akasimama.

"Babu, huyu nne anaitwa nani?"

"Anaitwa nne."

"Hana jina?"

"Ni harage."

Akamrudisha nne kwa wenzake ili asikae peke yake, tukaanza upya. Mara tano tumeanza upya. Intavyuu imebaki wiki sita na ushee.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua kubwa. Madamu ana malaria, amepelekwa kliniki. Mchungaji mwenye ukumbi ameniomba niwaangalie watoto mpaka apone. "Kuwaangalia tu, Mzee, wasitoke barabarani." Kuwaangalia tu. Hivyo ndivyo walivyonituma kwenye ghala la bunduki mwaka wangu wa kwanza, na nilipotoka kila risasi ilikuwa inajua jina la baba yake.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimefanya kazi ya wiki nzima kabla ya uji wa saa nne.

Nimewapanga mstari mmoja, mrefu kulia, mfupi kushoto, mikono imenyooka. Nikawaeleza: polisi akiajiriwa anapewa namba, na namba hiyo ni yake mpaka anazikwa. Ya kwangu bado naijua kuliko tarehe ya ndoa yangu. Haibadilishwi, haiazimwi. Na ninyi leo mnapata zenu. Ambroise ni mrefu kama mlingoti, nikampa moja. Victoire mbili. Hivyo hivyo hadi mtoto wa Faridah muuza chapati, kadogo kama kifaranga, ishirini na mbili. Akumu akaangukia saba.

"Kikosi, jihesabu."

Moja, akasema Ambroise, akageuza shingo. Mbili. Tatu. Mara ya kwanza walikwama kwenye tisa. Mara ya pili kwenye kumi na nne. Kufikia saa nne kasoro, moja mpaka mwisho bila kusita, kama karatasi inayochanwa. Na Akumu wangu, ambaye juzi alikuwa anatafutia maharage majina, anatupa "saba" yake kwa sauti ya kuvunja kioo. Hajakosa hata mara moja.

Mchana nimepaka rangi vizibo, kila kimoja namba yake, nikavitoboa kwa msumari na kuvitia uzi wavae shingoni. Walirudi nyumbani wameinua videvu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Uani mwa kanisa kulikuwa na pilau, na wazazi walitaka kuona watoto wakifanya kitu. Nikatoa kikosi changu. Ishirini na mbili kwa sekunde kumi na moja, mchungaji alishika saa. Watu walipiga makofi, wakaomba tena. Faridah alikuja na unga mikononi.

"Mzee, wangu hata mbili alikuwa hajui. Leo anasema ishirini na mbili. Umempa dawa gani?"

"Dawa ya serikali," nikasema.

Nimempigia Santa. Nimemwambia mtoto anahesabu kama mashine ya benki. Akasema, "Asante, Baba." Neno hilo sijalisikia kwake tangu nilipompeleka kliniki kujifungua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Kikosi ndani ya ukumbi. Sekunde tisa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Madamu amerudi, gauni linamning'inia. Nilimwekea kiti nikamwonyesha kikosi. Alitazama mara mbili. Hakupiga makofi.

"Papa, hawa batoto hawahesabu," akasema. "Wanaitika."

"Umewasikia mwenyewe."

"Kila mmoja anajua neno moja. Badilisha nafasi zao, utaona. Mweke Ambroise katikati."

Nikamwambia namba ya askari haibadilishwi, nimewapa neno langu.

"Si askari. Ni batoto wa miaka sita."

"Madamu, ulikuwa mgonjwa, mimi nikafanya kazi. Wivu si ugonjwa, hauna sindano."

Nililisema mbele ya watoto. Aliinama akaanza kuokota maharage yaliyosambaa chini ya benchi, na mimi nilisimama pale na mikono yangu mgongoni kama afande wa sinema.

Jumanne, 21 Oktoba

Madamu amewavua vizibo. Ambroise amelia. Akumu amekataa kuvua chake, amekishika mpaka uzi umemkata shingo. Madamu amemwachia.

Jumatano, 29 Oktoba

Mbele ya Madamu wanasukuma maharage. Saa ya kwenda nyumbani mimi nawapanga getini, tunajihesabu mara tatu, tunatawanyika. Wao wanafurahi, mimi nafurahi. Sijamwambia Madamu. Anajua. Dirisha la chumba chake linatazama geti.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua siku ya tatu. Madamu amenifuata mpaka kwenye lango, hajafungua hata mwavuli. "Papa Oola, dakika kumi kila jioni, Akumu peke yake, maharage kumi. Sikuombi kitu kingine." Nimesema ndiyo. Jioni Akumu alikuwa na usingizi na mimi nilikuwa na chupa ndogo ya pombe. Kesho.

Jumatano, 5 Novemba

Kesho.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika taratibu ili nisiruke kitu.

Intavyuu ilikuwa saa tatu. Nilimvika gauni la bluu, nikamsuka mwenyewe, upande mmoja ukatoka vizuri. Wazazi tuliambiwa tukae nje kwenye benchi. Mimi nilikaa kwenye mwisho wa benchi ulio chini ya dirisha, kazi ya zamani haitoki mwilini.

Mwalimu wa ndani alikuwa mama wa makamo, mpole, jina lake Juliet, limeandikwa kwenye kibao mezani. Alimpa kalamu, Akumu akaandika jina lake, herufi zote tano. Akamwonyesha picha ya mbuzi, Akumu akaanza kuliandika neno kwa M vizuri kabisa. Nilijua hizo ni sinia la mchanga na kamba za Madamu, nikasema moyoni, sawa, ana sehemu yake.

Kisha mama Juliet akasema, "Sasa nihesabie mpaka kumi. Lugha yoyote unayotaka."

Akumu akasimama kando ya kiti. Akanyoosha mikono. Nikamwona anageuza macho kulia kwake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, anangoja.

"Hesabu, mama," akasema mwalimu.

Akumu akangoja.

"Anza. Moja."

"Moja ni Ambroise," akasema Akumu.

"Nani?"

"Ambroise hajaja."

Mwalimu alitabasamu. Akasema basi anza na mbili. Akumu akamweleza, kwa heshima, kwamba mbili ni Victoire na yeye pia hajaja, ana mafua. Mwalimu akamwuliza yeye je, anajua namba gani.

"Saba," akasema, kwa ile sauti yake, hata wazazi kwenye benchi waligeuka.

Mwalimu akamwagia vizibo vya plastiki mezani. Nadhani vilikuwa nane. Akamwambia niambie viko vingapi. Akumu aliviangalia. Nilimwomba Mungu mtoto aviguse. Aguse kimoja tu, akisukume, kama alivyofundishwa na yule mwanamke niliyemwita ana wivu. Mkono wake ulianza kuinuka. Ukasimama. Ukarudi ubavuni, ukanyooka. Nilimfundisha mimi: kwenye mstari mikono haichezi.

"Viko saba," akasema.

Nilisimama. Nilitaka kusema kupitia dirishani, moja, mimi ni moja, endelea. Mlinzi wa mlango, kijana wa kampuni ya ulinzi, akanishika bega. "Mzee, ukisema kitu wanamfuta kabisa." Nikakaa. Nimewahi kukaa hivyo mara moja tu, nje ya chumba alichofia mke wangu, na hata pale niliruhusiwa kuita nesi.

Alipotoka alikuwa na furaha. "Babu, nimesema yangu vizuri?"

Nikamwambia hakuna aliyewahi kuisema vizuri zaidi.

Jumamosi, 15 Novemba

Majibu yametumwa kwa simu ya Santa. Amenisomea. "Kusoma anaweza. Hesabu hajui kabisa, ni mzito wa kuelewa. Arudie chekechea." Nikafungua mdomo. Santa akasema, "Uliniambia mashine ya benki, Baba," akakata.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimekwenda kwa mama Juliet na kofia mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari ya mstari, habari ya namba, kila kitu. Hakucheka, ingawa ningekuwa mimi ningecheka. Akasema anaamini. Akasema nafasi zimejaa tangu Ijumaa jioni, na hata angetaka hana mahali pa kumkalisha.

Nikamwuliza je, karatasi yao inaweza kubadilishwa, lile neno mzito litolewe. Akasema majibu yameshatumwa.

Jumanne, 18 Novemba

Nimewaambia kikosi kwamba tunabadilisha namba. Nimemweka Ambroise nafasi ya tano. Amekaa chini akakataa kuinuka. "Mzee ulisema mpaka tunazikwa." Victoire akasema mimi mwongo. Guerschom na mtoto mwingine walipigana kwa ajili ya tisa. Mtoto wa Faridah alitoka kwenye mstari akaenda kusimama mwisho, peke yake, akanyoosha mikono, akangoja ishirini na mmoja wampitie.

Madamu alikuwa mlangoni. Nikafikiri atasema sasa. Kama angenitukana ningepata cha kujibu. Alileta sinia la maharage akaliweka mikononi mwangu.

"Kaa na mmoja," akasema. "Kesho mwingine."

Jumatano, 19 Novemba

Mmoja: Ambroise. Maharage sita. Ilichukua saa nzima ya kipindi.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Victoire. Hataki kuongea na mimi, lakini anasukuma maharage. Nakaa kimya kama mfungwa wa jela ya Luzira aliyeahidiwa msamaha.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemwuliza Madamu kwa nini hakwenda kwa mchungaji kunishtaki mwezi ule. Alikuwa anafua vitambaa vya ubao.

"Huko kwetu nilikuwa na darasa la batoto sitini," akasema. "Siku moja tulikimbia. Njiani kila jioni niliwahesabu kwa kugusa kichwa, kimoja kimoja. Ukisema haraka, unasema namba, mtoto hayupo. Ningemwambia mchungaji nini, Papa? Kwamba wewe una haraka?"

Nilimsaidia kukamua vitambaa.

Jumanne, 25 Novemba

Kwenye mkeka, Akumu na maharage, bila mstari, bila mimi kusema kitu. Amegusa moja, akasukuma. Mbili. Alipofika saba alisita, akaniangalia. Nikatazama ukutani. Akasukuma nane. Tisa. Kumi. Kisha akaendelea mpaka kumi na tatu, maharage yakaisha, akaomba mengine.

Siku kumi na moja baada ya intavyuu. Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua, kwa sababu ndani alikuwa anauliza kwa nini silali chini kucheka kama kawaida yangu.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimempigia Santa nimwambie amefika kumi na tatu. Amesema, "Baba, tafadhali." Nimempa Akumu simu ahesabu mwenyewe. Alihesabu hewani, bila maharage, akaruka sita. Santa alisema vizuri mwanangu, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa.

Jumatano, 3 Desemba

Santa amefika mchana, bado na buti za kazi. Hajanigombeza. Amefua nguo zote za mtoto, amezikunja, ameulizia cheti cha chanjo. Mtu akikugombeza kuna mlango. Huyu alikuwa anafunga mizigo.

Nikiwa nachambua mboga nilimsikia kwenye simu na wifi yake Aciro, mwalimu wa shule ya msingi huko Kitgum. "Ndiyo, dada, ni mzito kidogo. Hapana, hakuzaliwa hivyo. Mweke tu na wale wadogo wa baby class mpaka tuone. Usimlazimishe."

Akumu alikuwa amekaa kizingitini, anasikia.

Nikaacha mboga. Nikamwambia Santa kata simu, nina maelezo ya kuandikisha. Nikamweleza yote, kwa utaratibu wa kituo: tarehe, mahali, mhusika. Kwamba nilipewa kuwaangalia tu. Kwamba nilimpa mtoto namba saba nikamkataza namba za wenzake. Kwamba mwalimu alinionya mara mbili, nikamtukana mara moja, nikamdanganya mara nyingi. Kwamba niliombwa dakika kumi kila jioni na jioni hizo nilikuwa na chupa.

Nilijua ninachofanya. Mpaka pale alikuwa anamchukua mtoto kwa sababu ya mtoto. Nilikuwa nimebakiza nafasi ndogo, labda mwakani, labda akijaribu tena. Nilipomaliza, nafasi hiyo haikuwapo.

Santa akafungua na kufunga kamba ya buti.

"Kwa hiyo mwanangu hana tatizo," akasema.

"Hana."

"Tatizo ni wewe."

"Andika hivyo."

Aliinua simu akampigia tena Aciro, mbele yangu, kwa sauti ya kutosha mtaa. "Dada, futa nilichosema. Mtoto ni mzima, ana akili. Ni baba yangu aliyemharibia. Mpeleke P.1 moja kwa moja." Sijawahi kusemwa vibaya nikashukuru namna ile. Akumu aliinuka kizingitini akaja kuchambua mboga na mimi.

"Na mimi sikuachii mtoto tena," Santa aliniambia baadaye, bila hasira. "Unaelewa, Baba."

Naelewa.

Ijumaa, 5 Desemba

Shule imefungwa. Madamu amemkumbatia Akumu, akampa herufi zake tano za kamba kwenye boksi. Mimi amenipa orodha: vizibo mia mbili kwa Februari, na nisivipake rangi.

Jumamosi, 6 Desemba

Hakuna mvua, mara ya kwanza wiki nzima. Basi la Kitgum lilikuwa liondoke saa mbili, likaondoka saa nne kasoro. Santa aliniaga kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kwa mzazi. Akumu aliniambia atakapofika atanihesabia nyumba za shangazi, zote, kisha akapanda mbio kutafuta kiti cha dirishani.

Nilizunguka nyuma ya basi nikasimama upande wa madirisha yenye jua, kwa kuwa yeye hupenda jua. Lilipoanza kutembea nilipunga mkono kwa nguvu. Akumu hakuwa upande huo; dirishani alikuwa mwanamume mmoja mnene anayekula muhogo. Alinitazama, akashangaa kidogo, akanipungia.